Maua Mbele ya Mlango wa Mama

Juma lililopita mke wa mwanangu alirudi kutoka madukani Ifakara na pakiti ndogo ya mbegu za maua. Juu yake palikuwa na picha ya maua ya zinia: mekundu, ya manjano, ya zambarau, na mengine yenye rangi ya chungwa lililoiva. Alikaa barazani akaichana, na ile harufu ya makapi makavu ikanifikia pale nilipokuwa nikisoma. Alikuwa amekwisha kuandaa udongo katika makopo mawili, moja kila upande wa mlango. Nilimwambia, kwa ukali ambao sikuukusudia, ayapeleke nje ya uzio.

"Kwa nini, baba?" akaniuliza. "Yanaleta nyoka?"

Jibu nililokuwa nalo si la mtu mzima kumpa mtu mzima mwenzake. Nimefundisha shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wanafunzi wangu wanajua kwamba neno "wanasema" halikupita katika daftari lolote nililolisahihisha. Nililizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: nani? Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza kwa nini mzee wa namna hii anaogopa makopo mawili ya udongo. Niliyoyaona nitayaandika kama niliyoyaona. Niliyoambiwa nitasema kwamba niliambiwa.

Tuliishi ng'ambo ya mto Kilombero, upande unaoelekea Mahenge, katika kijiji ambacho wakati wa masika kiligeuka kuwa kisiwa. Siku hizi kuna daraja, na vijana wanavuka kwa bodaboda bila hata kuyatazama maji. Wakati ule palikuwa na pantoni, na mto ulipofura pantoni ilifungwa, tukabaki na mitumbwi na sala. Baba alilima mpunga kama kila mtu. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande wa bondeni, nayo ilikuwa na kipande kidogo tu cha ardhi iliyoinuka, mbele ya mlango. Kwingine kote maji yalituama.

Mwanzoni mwa Kwaresima, Sista Gaudensia, aliyetufundisha darasa la nne, aligawa mbegu. Kila mtoto alipewa karatasi iliyokunjwa, na ndani yake mbegu zilizofanana na vipande vya majani makavu. Tulitakiwa kuotesha maua ya maandamano ya Ekaristi, ambapo wasichana humwaga maua njiani mbele ya Sakramenti na wavulana huwabebea vikapu. Sista alikuwa mtu wa Mahenge, mfupi, mwenye ulimi mkali, na bustani yake ya kanisani ilikuwa mahali pekee kijijini palipopandwa kitu kisicholiwa.

Mimi nilizipeleka mbegu zangu nyumbani nikazifanyia kile ambacho mtoto yeyote wa bondeni angezifanyia mbegu yoyote. Niliziloweka kwenye kata ya maji mchana kutwa na usiku kucha. Kesho yake nikazichuja, nikazifunga katika kipande cha gunia lenye unyevu na kukigandamiza kwa jiwe ili zipate joto. Siku ya tatu nikavuruga tope laini kando ya kitalu cha baba, nikazimwaga juu yake kwa mkono, kama nilivyomwona baba akifanya tangu nilipoanza kutembea. Zilioza zote. Nilipokwenda kumwambia Sista, alicheka hadi akashika ukuta.

"Umezipikia uji kabisa!" alisema. "Hizi si mpunga, wewe mtoto. Kule kwetu milimani baridi ndiyo inayoyaua maua haya yakiwa machanga. Huku kwenu adui yake ni maji. Yalelee chini ya paa, kwenye kopo lililotobolewa, udongo mkavu kiasi, na uyanyunyizie kwa vidole. Yakipata majani manne ndipo uyatoe nje, tena mahali palipoinuka. Na hayaishi zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo usipoteze hata moja."

Alinipa mbegu nyingine, chache kuliko za kwanza. Safari hii ziliota. Zilitoka zikiwa zimevaa maganda yao kichwani kama kofia, na kila asubuhi kabla ya shule nilipiga magoti chini ya paa kuzihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Zilipofikisha majani manne nilizihamishia kwenye tuta nililolitengeneza mbele ya nyumba, kwa sababu, kama nilivyosema, hapakuwa na ardhi nyingine iliyoinuka.

Mama alikuwa mjamzito. Kabla yangu na baada yangu alikuwa amejifungua watoto wawili ambao hawakumaliza mwezi, nao walizikwa nyuma ya kanisa. Safari hii waliompima walimwambia avuke mto mapema, maji yasije yakakata mawasiliano, akakae Ifakara kwa ndugu karibu na hospitali mpaka siku zake zitimie. Aliondoka siku chache baada ya Pasaka. Baba alibeba sanduku lake, nami nilibeba chungu kidogo alichokataa kukiacha. Kabla hajatoka uani alisimama kwenye tuta langu, mkono mmoja kiunoni.

"Yaangalie maua yako," aliniambia. "Nikirudi nataka kuyaona yamechanua."

Shangazi Apolonia, dada yake baba, alikuja kukaa nami, kwa kuwa baba alihamia shambani. Alikuwa mwanamke wa kicheko kirefu, na mtu aliyekuja kumsalimia zaidi ya wote alikuwa jirani yetu, Bibi Leokadia. Huyu alikuwa mjane, mrefu na mkavu, aliyefuga mbuzi watatu na kujua habari za kila nyumba kabla ya wenye nyumba. Siku moja alasiri alikuja kuomba moto. Nilikuwa nyuma ya mlango nikitoa mwiba mguuni, na kila neno walilosema nililisikia kwa masikio yangu.

"Apolonia, mmeweka maua mlangoni na mwenye nyumba amekwenda kujifungua?"

"Ni ya kanisa hayo, bibi. Ya mtoto."

"Ya kanisa yakae kanisani. Maua mlangoni yanaita msiba. Yakichanua tu, wa ndani anatolewa."

Shangazi alicheka. "Basi wa ndani ndiye mimi. Nianze kufunga mizigo?"

"Wewe ni mgeni hapa, usijidai. Nasema mwenye mlango."

"Lete kigae chako nikutilie moto, bibi, kabla hujatuzika wote."

Walicheka wote wawili, wakaanza kuzungumzia bei ya chumvi. Nao nadhani waliyasahau maneno yale kabla kaa la moto halijafika jikoni kwa Bibi Leokadia. Mimi nilibaki nyuma ya mlango, mwiba bado umo mguuni.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kwamba kwetu mtoto hakuuliza maneno ya wakubwa aliyoyasikia kwa kuyavizia. Nilikwenda kutafuta ushahidi peke yangu. Nilikwenda nyuma ya kanisa, kwenye vile vilima viwili vidogo vya ndugu zangu. Juu yake palikuwa na maua meupe na ya waridi, yale yanayojiotesha yenyewe. Nilitazama makaburi mengine: maua. Nikapita nikitazama nyumba za wazima, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa kijiji: hakuna maua. Kwa akili ya mtoto wa miaka tisa jambo lilikuwa limethibitishwa. Sikujiuliza ni kipi kilichotangulia, kaburi au ua.

Tangu siku ile miche yangu kumi na moja, niliyokuwa nikiipenda, ikawa kitu cha kutisha. Kuing'oa sikuweza. Sista alikuwa na orodha ya waliopewa mbegu, na maua yale yalikwisha kuahidiwa kwa Mungu. Tena mama mwenyewe alikuwa amesema anataka kuyaona. Kuiacha sikuweza vilevile. Ndipo nikashika neno la Bibi Leokadia kama mwanasheria: alisema yakichanua. Basi yasichanue.

Tumba la kwanza lilitokea juu ya mche mrefu kuliko yote, kijani, gumu, ukubwa wa punje ya njegere. Nilitazama huku na huku, nikalikata kwa kucha na kulizika. Kesho yake nilikata mawili. Nilifanya hivyo kila asubuhi, kabla Shangazi hajatoka jikoni, na kila nilipomaliza nilipata amani ya saa moja au mbili. Nilijiona ninamshika mama mkono kutoka ng'ambo ya mto.

Lakini baada ya siku chache niliona jambo ambalo sikulitegemea. Pale nilipokata tumba moja, chini yake kwenye makwapa ya majani, yalikuwa yanatoka mawili. Niliyakata hayo mawili, yakatoka manne. Miche haikurefuka tena. Ilitanuka ikawa vichaka, kila tawi na tumba lake. Jumatatu nilikata tisa. Alhamisi nilikata ishirini na moja, kidole gumba changu kikawa kijani mpaka darasani nikakificha chini ya dawati. Niliamini kwamba kitu fulani kilikuwa kinashindana nami, na kwamba kilikuwa na nguvu kuliko mimi.

Siku ya Ijumaa Sista Gaudensia alipita kukagua. Alisimama mbele ya tuta akiwa ameinua gauni lake lisiguse tope.

"Umeyakata vichwa?"

Nilikificha kidole gumba nyuma ya mgongo.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna mtu, Sista."

"Wenzako wote yamekwenda juu kama mtama, ua moja moja. Wewe umejua kuyakata ili yatoe matawi." Alinipigapiga kichwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. "Sasa acha, usikate tena. Yatakupa maua mara tatu ya wenzako, tena yote kwa pamoja."

Sijapata tena kusifiwa kwa maneno yaliyonitisha kiasi kile. Mara tatu, kwa pamoja. Nilitaka kumwambia kila kitu, na mdomo nikaufungua. Lakini nilifikiri kwamba nikilitamka jambo lenyewe kwa sauti, nitakuwa nimeliita mara ya pili. Nikasema, "Asante, Sista."

Wakati huo habari kutoka Ifakara zilikuwa hazifiki. Maji yalikuwa yamepanda, na wenye mitumbwi walivuka pale tu walipolazimika. Kila mtu aliyeonekana akitoka upande wa mto nilimtazama miguu, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba mleta msiba hutembea polepole. Tazama jinsi uvumi mmoja unavyozaa mwingine: nilikuwa sasa nakusanya kila nilichokisikia, kama mtu anayeokota kuni.

Kisha mpunga ulianza kushika maziwa, ndege wakashuka, na baba akatuma neno kwamba ananihitaji. Kama watoto wengi wa bondeni, niliondolewa shuleni kwa wiki nzima kwenda kuamia. Nilikaa juu ya dungu tangu alfajiri hadi jua linazama, nikipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo kila kweleakwelea walipotua kama wingu. Baba alisema sijawahi kufanya kazi vizuri vile. Hakujua kwamba nilikuwa ninapiga kelele kwa sababu nyingine. Siku sita hapakuwa na mtu wa kuyakata matumba. Nilimwomba ruhusa ya kurudi nyumbani hata kwa saa moja.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Maua ya Sista, baba."

"Maua hayaliwi na ndege. Kaa huko juu."

Siku ya saba aliniachia. Nilikimbia njia nzima juu ya matuta ya mashamba, na nilipofika kwenye kijia chembamba cha mwisho, kabla hata sijaiona nyumba, niliziona rangi. Sista hakukosea. Yalikuwa yamechanua yote, sidhani kama yalipungua sitini, mekundu na ya manjano na ya zambarau, yamejaa mbele ya mlango kiasi kwamba mlango wenyewe ulionekana kuzama ndani yake. Nayo yalikuwa mazuri. Lazima niliseme hilo, kwa kuwa nililiona: sijapata kuona tena kitu kizuri kama kile.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba nje. Hapakuwa na moshi jikoni. Bibi Leokadia alikuwa kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu. Umerudi?"

"Shangazi yuko wapi?"

"Ameitwa Ifakara tangu asubuhi. Mtu alimjia mbio."

"Ameitiwa nini?"

"Sikuambiwa. Wanasema alikwenda analia." Aliinua macho kutoka kwenye ungo, akatazama upande wa nyumba yetu, akayaona maua, akainamisha kichwa akaendelea kupepeta.

Leo ningemuuliza nani wanaosema. Siku ile nilirudi uani nikapiga magoti kwenye tuta na kuanza kung'oa. Niling'oa kwa mikono miwili, na mizizi na udongo wake. Nilikuwa ninasema kwa sauti, "Hayapo, hayapo, hayapo," kwa yeyote aliyekuwa akinisikiliza. Nilibeba yote hadi pale maji ya mafuriko yalipopita nyuma ya nyumba, nikayatupa. Yalielea kwa muda, kundi zima la rangi, yakazungukazunguka kwenye kona ya kitalu, kisha mkondo ukayachukua. Nilirudi nikalisawazisha tuta kwa miguu, nikakaa mlangoni kungoja kuambiwa kwamba nimechelewa.

Shangazi alirudi jua likiwa limeanza kuinama. Alikuwa anapiga vigelegele tangu njia panda.

"Una dada!" alinipigia kelele. "Una dada, mnene kama boga! Na mama yako mzima, anakula, anagombana na wauguzi!"

"Wanasema ulikwenda unalia."

"Nilie nini? Nilikuwa nakimbilia mtumbwi, nimejikwaa nimeng'oa kucha!" Alinionyesha mguu. Kisha akatazama mbele ya nyumba, kicheko kikamkatika. "He! Maua yako wapi?"

Niliwaza juu ya Sista, na orodha, na mama ambaye angekuja kuyatazama. Kusema kweli kungekuwa kusema kwamba nilidhani mama amekufa, na kwamba nilidhani nimemuua mimi. Neno lilinitoka kabla sijalichagua.

"Yameliwa na mbuzi."

Sikumtaja mtu. Nataka hilo lieleweke, ingawa najua halinisaidii. Upande wetu wa kijiji hapakuwa na mbuzi wengine.

"Mbuzi wa Leokadia!" alisema Shangazi, akipiga makofi ya hasira. "Na maneno yake yote yale!"

Jumamosi habari ilikuwa imefika kisimani. Jumapili baada ya misa nilisikia kwamba mbuzi walikuwa watano. Mwanamke mmoja alisema aliwaona wakitafuna, midomo myekundu kwa zinia. Mwingine alisema ameona kwato kwenye tuta. Mzee mmoja wa kanisa alisema mjane yule hakuwahi kuyapenda mambo ya dini, na kwamba amewaachia mbuzi makusudi. Nilisimama katikati yao nikisikiliza jambo ambalo halikutokea likipata miguu, mashahidi na sababu. Katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua ukweli, na kila mtu alinionea huruma.

Bibi Leokadia alipita kati ya watu wale na kitenge chake cha kanisani. Hakupandisha sauti.

"Nani aliwaona mbuzi wangu?" aliuliza.

Watu watatu walijibu kwa pamoja kwamba waliwaona. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo, akaondoka.

Maandamano yalikuwa Alhamisi. Asubuhi yake mapema, nikiwa nimevaa shati langu jeupe na sina kikapu, alikuja uani kwetu akitokea bondeni. Alikuwa amelowa hadi kifuani, magugu ya mtoni yamemng'ang'ania khanga, na ungo wake wa kupepetea umejaa yungiyungi, yale ya zambarau yenye moyo wa manjano, ambayo huota tu pale maji yanapokuwa marefu. Wakati ule viboko walikuwa wanalisha mpaka kwenye vitalu vyetu. Watu wazima wenye nguvu hawakuingia huko bila mtumbwi.

"Shika, mjukuu," alisema. "Mpelekee Sista. Usiende mbele ya Mungu mikono mitupu kwa ajili ya mbuzi wangu."

Niliupokea ungo. Ulikuwa mzito, na maji yalinichuruzikia kwenye shati. Yeye alikaa kwenye kizingiti cha mlango wetu kukamua khanga yake, akihema, akitazama tuta lililosawazishwa.

"Ila nikuambie," alisema, si kwa ugomvi, bali kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Siku ile niliwafunga. Niliwafunga kwa mikono yangu, wote watatu. Mpaka leo sielewi kamba ilifunguka vipi."

Kengele ya kanisa ilikuwa imeanza kulia.

"Labda ilikatika, bibi," nikasema, nikaenda zangu na maua.